Kifo cha UKIMWI na uchumi wa kaya ya kijijini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Kagera

Maswali haya huulizwa na wanafunzi, maofisa wa maendeleo ya jamii, wajane, na vijana waliolelewa na bibi zao ambao leo wana watoto wao. Majibu yanaegemea mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kwa sababu huko ndiko tunakojua kwa undani kilichotokea ndani ya kaya. Pale ambapo Kenya ina ushahidi ulio bora zaidi, tumeutumia.

## Mambo ya msingi

Kwa nini kila anayezungumzia jambo hili anaanzia Kagera?

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Mkoa ulikuwa ndiyo kwanza umetoka kwenye vita vya 1978 na 1979 dhidi ya majeshi ya Idi Amin, na magendo ya mpakani yalikuwa yakiendelea mchana na usiku. Ugonjwa ulipoingia haukuwa na jina la hospitali, hivyo watu wakauita Juliana, jina la nguo zilizoletwa na wachuuzi kutoka Uganda. Wengine waliuita silimu, kwa jinsi ulivyokondesha.

Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta kwamba katika mji wa Bukoba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi (asilimia 24.2). Bukoba Vijijini na Muleba ilikuwa asilimia 10. Upande wa Ngara na Biharamulo haikufika hata asilimia 1. Kwa hiyo mtu akisema "Kagera iliathirika", muulize Kagera ya wapi.

Sababu nyingine ni kwamba kaya za Kagera zilifuatiliwa kwa muda mrefu kuliko karibu kaya zozote za vijijini barani Afrika. Kati ya 1991 na 1994 watafiti walizitembelea zaidi ya kaya 900 katika jamii 51, wakahesabu mashamba, mifugo, chakula, magonjwa na vifo. Mwaka 2004 walirudi kuwatafuta watu walewale popote walipohamia, na mwaka 2010 wakarudi tena. Takwimu nyingi utakazosoma hapa zinatoka kwenye kazi hiyo.

Kifo cha UKIMWI kina tofauti gani na kifo kingine chochote?

Malaria ilikuwa ikiua zaidi watoto wadogo, na uzee ukichukua wazee. UKIMWI ulichukua walio katikati, yaani mtu wa miaka 25, 30 au 40, ambaye ndiye analima, analipa karo, anawatunza wazazi na kunyonyesha mtoto. Nguzo ya nyumba ndiyo iliyokuwa ikiondolewa.

Halafu ulikuwa ugonjwa wa muda mrefu. Ajali huua leo na kesho mnapanga mazishi. Mgonjwa wa UKIMWI kabla ya dawa aliinuka na kuanguka kwa miezi, pengine miaka, na kila alipoanguka kuna kitu kiliuzwa. Siku anafariki, kaya ilikuwa imeshafilisika nusu. Na mara nyingi kifo hakikuja peke yake. Baba aliondoka mwaka huu, mama akamfuata baada ya miaka miwili, kabla watu hawajasimama.

Fedha nyingi ziliishia wapi, hospitali au msibani?

Watu wengi hutaja hospitali. Hesabu za Kagera za miaka ya 1990 zinaonyesha kinyume, kwamba kwa wastani kaya zilitumia zaidi kwa mazishi kuliko kwa matibabu.

Nawasihi wasomaji wasilichukulie hilo kama ujinga wa wanakijiji. Matibabu yalikuwa madogo kwa sababu hapakuwa na dawa ya kununua. Familia ilifika zahanati, ikapewa panadol na ushauri wa kurudi nyumbani. Msibani kulikuwa na sanda au jeneza, ndizi na maharage ya kulisha watu waliotoka mbali, usafiri wa kuurudisha mwili kutoka Mwanza au Dar es Salaam ili uzikwe kwenye kibanja (shamba la nyumbani) cha baba zake. Kuzika vizuri ilikuwa pia njia ya kubaki ndani ya jamii itakayokuzika na wewe.

Vyama vya kuzikana havikutosha?

Vilisaidia sana, na bado vinasaidia. Katika kijiji cha Nyakatoke, chenye kaya 119, mtafiti aliyekaa huko alikuta vikundi vingi vya kusaidiana vikifanya kazi kwa pamoja: vya kuzika, vya kina mama, vya kuchangiana wakati wa ugonjwa. Mchango ulikuwa fedha, ndizi, kuni, maji, na mikono ya kufanya kazi.

Tatizo lilikuwa kwenye kile ambacho chama kiliundwa kukifanya. Kilihakikisha marehemu anazikwa. Hakikuundwa kupalilia shamba la mjane msimu wa pili wala kununua daftari mwezi wa nane. Watu wakishaanua tanga, kila mmoja hurudi kwake. Maskini wa mwisho kabisa, asiyeweza kutoa mchango wa kila mara, mara nyingi alikuwa nje ya chama tangu mwanzo.

## Shambani

Nini hasa hutokea kwenye kibanja mwenyewe anapokufa?

Kibanja ni shamba linalozunguka nyumba: migomba, mibuni ya robusta chini yake, maharage katikati. Ukubwa wake si mkubwa, mara nyingi haufiki hekta moja, lakini kikitunzwa hulisha vizazi vitatu. Kinaishi kwa kazi ya kila siku. Majani makavu yakatwe, machipukizi yapunguzwe, nyasi ziletwe kutoka rweya (mbuga ya nje ya kijiji) zitandazwe kuhifadhi unyevu, samadi ya ng'ombe irudishwe shinani.

Kibanja kisicho na mwenyewe unakitambua ukiwa bado barabarani. Majani makavu yananing'inia kama nguo chakavu. Shina moja lina machipukizi saba au nane yanayogombania chakula, na mikungu ni midogo kama ngumi za mtoto. Ukikanyaga ndani, chini ni pagumu, hapana matandazo. Mgomba mmoja umelala na mkungu wake mbichi, na ukiupasua shinani unakuta matundu ya fukusi.

Haya hayatokei siku moja. Mgonjwa anapolala, mkewe anaacha shamba ili amuuguze. Ng'ombe anauzwa kulipia usafiri na chakula cha mgonjwa, na anayemuuza ng'ombe ameuza na samadi. Bila samadi udongo unachoka, mgomba dhaifu unashambuliwa na fukusi, ndizi zinapungua, na familia inahamia kwenye mihogo na viazi ambavyo havidai kazi nyingi. Kwa mpita njia wanaonekana wanakula. Lakini shamba lililojengwa kwa miaka 50 linaweza kuharibika kwa mitano, na kulirudisha huhitaji vilevile walivyokwisha kuuza.

Butura ni nini, na ina uhusiano gani na UKIMWI?

Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado ua mtini. Mwenye shida anapewa fedha leo, na mavuno yakifika mnunuzi anakuja kuchukua kahawa yake kwa bei ndogo mno ikilinganishwa na ya msimu. Serikali imeikemea mara nyingi.

Kaya yenye mgonjwa ilikuwa windo rahisi kwa mnunuzi wa butura. Haikuweza kungoja, na mnunuzi alijua. Msimu ulipofika kahawa ilivunwa na watoto, ikapakiwa magunia, ikaondoka, na nyumbani hakikubaki kitu cha kulipa deni jingine. Hapo ndipo butura ya msimu unaofuata ilipoanza. Ongeza na kwamba bei ya kahawa duniani ilianguka mwaka 1989, baada ya mkataba wa kimataifa wa mgao wa mauzo kuvunjika, yaani katika miaka ileile ya vifo vingi. Ndugu wa mjini aliyekuwa akituma chochote, naye mara nyingi alikuwa mgonjwa.

Akifa baba na akifa mama, shamba huumia sawasawa?

Hapana. Utafiti uliofanywa vijijini Kenya na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba akifa mwanamume kiongozi wa kaya, mazao ya biashara kama kahawa, chai na miwa ndiyo yanayoporomoka. Akifa mwanamke, nafaka za chakula ndizo zinazopungua. Hii inafuata mgawanyo wa kazi na pia wa ujuzi. Mjane anaweza kuwa na nguvu za kupogoa kahawa lakini hajawahi kukabidhiwa kitabu cha chama cha msingi cha ushirika wala kujulishwa nani wanadaiana na mumewe.

Kagera, pigo la kifo cha mwanamke kwa matumizi ya kaya lilionekana kuwa kali zaidi. Yeyote aliyekulia nyumba isiyo na mama hatashangaa.

Ni kweli UKIMWI ulileta njaa?

Mwaka 2003 wataalamu Alex de Waal na Alan Whiteside walitoa hoja kwamba Kusini mwa Afrika ilikuwa ikikabiliwa na njaa ya aina mpya, isiyosababishwa na ukame peke yake bali na kufa kwa wakulima. Hoja hiyo ilijadiliwa sana. Kagera haikutokea hivyo kwa mkoa mzima. Masoko yaliendelea, ndizi ziliendelea kupanda malori. Njaa ilikuwa ya nyumba moja moja, imekaa katikati ya majirani wenye chakula, na ndiyo maana takwimu za mkoa hazikuiona.

## Kipimo cha hasara

Kaya hushuka kwa kiasi gani, na kwa muda gani?

Uchambuzi wa Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon, waliolinganisha hali ya kabla na ya mwaka 2004, ulikuta kwamba matumizi ya kaya iliyopoteza mtu mzima hushuka kwa takriban asilimia 7 ndani ya miaka mitano ya kwanza. Wakati huohuo wengine katika sampuli walikuwa wakipanda, kwa hiyo pengo kati ya aliyefiwa na mwenzake wa kawaida lilifika pointi 19 za asilimia. Baada ya miaka hiyo mitano athari haikuonekana tena kwa uhakika.

Kwangu hii ndiyo namba muhimu kuliko zote katika ukurasa huu. Inasema kuna dirisha. Msaada unaofika mwaka wa kwanza au wa pili unakuta ng'ombe bado yupo na kahawa bado ni ya kaya. Unaofika mwaka wa saba unakuta watu walioinuka wenyewe, na watoto ambao muda wao wa kukua umeshapita (tazama swali la yatima hapa chini).

Mbona nimeona familia zilizoinuka vizuri tu baada ya msiba?

Zipo, na takwimu zinazikubali. Lakini angalia pia usichokiona. Kaya nyingine huvunjika. Mjane anarudi kwao, watoto wanagawanywa kwa ndugu watatu tofauti, nyumba inafungwa. Ukirudi kijijini kuhesabu, hiyo haipo kwenye orodha, na wastani unaonekana mzuri. Watafiti wa Kagera walikwepa mtego huu kwa kumfuata kila mtu alikokwenda. Zile kaya zaidi ya 900 walizoanza nazo zilikuwa zimezaa zaidi ya 2,700 walipozipata tena mwaka 2004.

Waligundua jambo lingine: waliohama kijijini waliongeza matumizi yao kwa kasi kubwa kuliko waliobaki. Kwa hiyo baadhi ya kuinuka unakokuona ni kwa kijana aliyeondoka akaenda Kahama au Mwanza, akatuma kidogo nyumbani.

## Watoto na wanaowalea

Yatima hupoteza nini ambacho hakirudi?

Watoto waliokuwa na wazazi wote mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha wakafiwa kabla ya kutimiza miaka 15, walipimwa tena mwaka 2004. Waliofiwa na mama walikuwa wafupi kwa sentimita 2 kuliko ambavyo wangekuwa, na walikuwa wamepoteza mwaka mmoja wa shule. Kwa fedha, hiyo ni sawa na pengo la matumizi la asilimia 8.5 maishani mwao ukilinganisha na wenzao ambao mama aliishi.

Sentimita 2 zinaonekana chache ukizisoma. Lakini ni sahani za jioni zilizokosekana kwa miaka, zikabaki zimeandikwa mwilini. Shamba lililochoka hurudi kwa samadi, lakini urefu wa mtu wa miaka 22 haurudi kwa chochote.

Nani aliwalea kwa kweli?

Bibi, kwa sehemu kubwa. Mwanamke wa miaka 65 au 70 aliyetarajia kutunzwa na wanawe akajikuta amewazika, na wajukuu wanne wanalala kwenye mkeka mmoja nyumbani kwake. Kaya zinazoongozwa na watoto zilikuwepo, na ziliandikwa sana magazetini, lakini zilikuwa chache kuliko za bibi na wajukuu, ambazo hazikupigwa picha.

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri lilikuwa na mpango wake wa HUYAWA, yaani Huduma ya Watoto. WAMATA, iliyoanzishwa mwaka 1989 na Theresa Kaijage, ilikuwa miongoni mwa asasi za kwanza nchini kuwahudumia wagonjwa na familia zao. Mpango ninaopenda kuutaja ni Kwa Wazee, ulioanza mwaka 2003 wilayani Muleba. Wao walimpa bibi pensheni ndogo ya kila mwezi, mkononi, bila kumpangia matumizi. Bibi akanunua chumvi, sabuni, mafuta ya taa, viatu vya shule. Ukimpa mlezi fedha ya uhakika, hauzi butura.

Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001. Kwa nini yatima bado walikuwa wanaacha shule?

Kwa sababu ada haikuwa gharama pekee. Sare, viatu, madaftari na michango vilibaki. Kikubwa zaidi, mtoto mwenye mgonjwa nyumbani anahitajika nyumbani, kuchota maji, kukaa na mdogo wake, kupika uji wa mama. Wengine hawakuacha shule, walichelewa kuianza au walirudia madarasa. Ule mwaka mmoja uliopotea ulitokana na mambo hayo madogo madogo.

## Ardhi na mirathi

Mjane anaweza kufukuzwa kwenye kibanja?

Watu wa ukoo walifukuza, na wengine wanaendelea. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 lilimnyima mjane fungu la mirathi kwa maelezo kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Katika Buhaya, nchi ya Wahaya, ambako kibanja cha ukoo kina makaburi ya mababu ndani yake, shemeji alikuja na hoja kwamba mwanamke wa ukoo mwingine hawezi kushika ardhi yao. Alipokuwa na watoto wa kiume alivumiliwa kwa ajili yao. Asiye na mtoto wa kiume alikuwa hatarini.

Sheria haikusimama hapo. Mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory lililotoka Kagera kwenyewe, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi inakwenda kinyume na haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke fursa halali ya kumiliki au kutumia ardhi. Mjane ana pa kusimamia. Mara nyingi anachokosa ni nauli na mtu wa kwenda naye.

Nifanye nini mapema baada ya msiba ili kibanja kisipotee?

Pata cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, kupitia ofisi ya wilaya. Hakikisha kikao cha ukoo kinaandikwa muhtasari wenye majina na sahihi, kisha mfungue mirathi mahakama ya mwanzo ili msimamizi ateuliwe kisheria. Usisaini karatasi yoyote ya mauzo katika siku za matanga, hata kama anayeileta ni ndugu. Waambie mtendaji na mwenyekiti wa kijiji mapema kwamba shamba hilo lina wenyewe. Kama kuna kahawa iliyouzwa butura na marehemu, iandikwe ni miti mingapi na ya msimu gani, maana wapo wanaodai shamba zima.

## Baada ya dawa

Dawa za kufubaza virusi zimebadilisha nini kiuchumi?

Zimeubadilisha mlolongo wote. Tanzania ilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Kwa upande wa kazi, ushahidi mzuri unatoka Mosoriot, magharibi mwa Kenya. Miezi sita baada ya kuanza dawa, uwezekano wa mgonjwa kuwa kazini uliongezeka kwa asilimia 20, na saa zake za kazi kwa wiki kwa asilimia 35. Katika baadhi ya kaya hizo watoto wa kiume walipunguziwa kazi.

Rudisha picha hiyo kwenye kibanja. Mama aliyekuwa kitandani mwezi wa kwanza anapalilia mwezi wa saba. Ng'ombe hauzwi. Kahawa inangoja msimu. Sijui mradi wa kilimo uliofanya zaidi ya hapo.

Basi tatizo limekwisha?

Limepungua sana, halijakwisha. Dawa ni bure lakini nauli ya pikipiki hadi kituoni si bure, na siku ya kliniki ni siku isiyo na kibarua. Wanaume wengi bado hupima wakiwa wameshachoka. Na fedha nyingi za matibabu Tanzania, kama nchi jirani, zimetoka Marekani kupitia PEPFAR, mpango wake wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa mwaka 2003. Januari 2025 serikali ya nchi hiyo ilisimamisha misaada yake ya nje, na katika nchi nyingi huduma zikayumba. Anayedhani habari ya kibanja kilichokauka ni ya zamani akumbuke kwamba kinga yake ni kidonge cha kila siku, na kidonge kina mlipaji.

## Maswali ya pembeni

Kwenye cheti pameandikwa kifua kikuu. Kifo hicho kinahesabiwa?

Kwa miaka mingi familia zilitaja kifua kikuu, homa au kulogwa, ama kwa kutojua ama kwa kuogopa kutengwa. Watafiti wengi kwa sababu hiyo walihesabu vifo vyote vya watu wazima wa umri wa kufanya kazi. Kwa kaya, athari ya shambani haitegemei kilichoandikwa. Unyanyapaa ndio uliobadilisha hesabu: kwingine ndizi za nyumba iliyosemwa hazikununuliwa sokoni, na vibarua hawakuitwa.

Tulipelekwa kwa ndugu tukiwa wadogo. Sasa tumekua, kibanja cha baba analima mtu mwingine. Tunaweza kurudi?

Inawezekana, lakini msikawie, maana madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, na jinsi ya kuihesabu kwa aliyefiwa akiwa mtoto ni jambo la kumuuliza mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria mapema. Anzeni na mirathi (tazama swali la kibanja kisipotee), kwa sababu bila msimamizi aliyeteuliwa baraza la ardhi linaweza kuwarudisha.

Kabla ya hapo, nendeni kijijini mkiwa na mzee anayewajua. Tafuteni milamula, ile miti ya mipaka, na mumwombe jirani wa kila upande awaambie, mbele ya mwenyekiti, nani aliipanda na enzi za nani. Ulizeni makaburi yako wapi. Andikeni majina ya wanaosema na tarehe, kwa sababu wenye kumbukumbu hizo wana miaka zaidi ya 70 sasa.